Mkwe Wangu, Upande wa Pili wa Makasha

Mmeniuliza wengi. Akina mama wa kwaya mmeniuliza, majirani mmeniuliza kisimani, na mimi kila mmoja nimemjibu nusunusu. Wengine mmesema, tena mbele yangu bila haya: "Mumeo si ndiye mwandishi? Kwa nini asituandikie yeye?" Basi nawajibu. Hawezi kuandika kwa kuwa hakuwepo. Alikuwa Makambako anatafuta gari. Aliyekuwepo ni mimi.

Nyumba yetu mnaijua. Baba Lugano, mume wangu, akirudi kutoka shuleni anakofundisha ananawa, anakunywa chai, anakaa kwenye meza ya dirishani, na tangu hapo sisi wengine tunapumua kwa ruhusa. Akimaliza sura moja ananiita. Yeye anasoma, mimi nachagua mchele. Nikinyamaza ananuna, nikicheka mahali ambapo hakukusudia nicheke, ndiyo kabisa, hata chakula hali vizuri. Hivyo ndivyo vilivyozaliwa vitabu vyake vyote viwili. Na kila likizo ya kiangazi tunapanda gari kwenda Iringa kwa dada yangu, yeye na makasha yake ya vitabu vya kuwauzia walimu wa njiani, mimi nikaipumzishe mikono.

Mwaka huu tulikuwa na safari nyingine ndani ya safari ile. Baba yake alikuwa mgonjwa. Tumbo limejaa maji, miguu imevimba, akilala chali pumzi inakatika. Mganga wa hospitali ya hapa Mbeya alisema Iringa yuko daktari anayeweza kuyatoa yale maji, lakini mzee afike upesi. Ndiyo shida iliyotupandisha gari: kumfikisha Iringa akiwa hai.

Sasa ninyi mliozaliwa Rungwe rukeni maneno haya. Wengine sikilizeni, kwa maana bila haya hamtaelewa kitu. Kwetu Wanyakyusa mke hamwoni baba mkwe wake, wala baba mkwe hamwoni yeye. Tunaita kutila. Akija njia hii, wewe unashika njia ile. Mkikutana kwa ghafla, unajifunika na kumpa mgongo. Jina lake hulitaji, na hapa sitalitaja. Wachungaji walikwisha kutuambia kwamba si lazima, na wako walioacha. Lakini mkwe wangu hakubatizwa, na mimi sikuwa na sababu ya kumvunjia heshima mzee ambaye hajanikosea. Alipokuja Mbeya kutibiwa alilala kwa jirani. Mimi nilipika, watoto wakapeleka, vyombo vikarudi vitupu. Tangu niolewe, nilimjua kwa vyombo tu.

Mbeya mpaka Uyole

Asubuhi ile ilikuwa na baridi ya Juni, ile inayouma masikio. Nilisimama nyuma ya jiko la jirani nikiutazama ukuta mpaka walipompandisha mzee kwenye lori. Mume wangu alimkalisha mbele kabisa, nyuma ya kibanda cha dereva, akamwegemeza kwenye gunia. Kisha akayapanga makasha yake ya vitabu katikati, moja juu ya jingine, yakawa ukuta. Akakohoa. Ndiyo ilikuwa alama yangu ya kutoka. Nikapandia nyuma, nikakaa kwenye blanketi langu, nami nikatazama kule tunakotoka.

Nikamsikia mzee akimuuliza mwanawe, kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya mtu anayepanda mlima: "Yule amejifunika vizuri? Huko nyuma kuna upepo."

Jamani, nilifurahi! Siwadanganyi. Alikuwa hajawahi kuniulizia nikasikia kwa masikio yangu mwenyewe.

Pale Uyole tulikaa mpaka jua likawa kali. Dereva wetu, Mkinga mmoja aitwaye Sanga, alikuwa anapatana bei ya viazi na mama mmoja Msafwa, na hakuna kati yao aliyekuwa na haraka. Mume wangu alikwenda kumsihi. "Bwana Sanga, nina mgonjwa." Sanga akajibu kwa upole kabisa, "Mwalimu, kila gari lina mgonjwa," akaendelea kupapasa viazi. Nilishuka nikanunua viazi vya kuchemsha, mume wangu akampelekea baba yake. Mzee hakula. Viazi vilirudi kama vilivyokwenda, na hapo nikaanza kuogopa.

Uyole mpaka Chimala

Mnaijua njia ile inavyoteremka. Ukitoka kwenye baridi unatumbukia kwenye joto la Usangu, na vumbi linakuingia hadi kwenye meno. Kila gari liliporuka nilimsikia mzee akiguna upande wa pili wa makasha, na mume wangu akisema, "Pole, baba. Pole, baba," mpaka nikatamani anyamaze.

Pale Chimala, Sanga alipakia mchele. Mwenye mchele alikuwa Bwana Salumu, mfanyabiashara wa Iringa ambaye babu zake walitoka pwani; mtu mzima, kofia safi, ndevu nyeupe zilizochanwa, na mdomo usiopumzika. Alipanda na magunia yake, akampa mzee pole kwa Kiswahili kirefu. Mzee alijua Kiswahili cha kazi tu, akajibu, "Ndiyo, bwana."

Tulikula kwenye kibanda cha wali na samaki. Yaani wao walikula kibandani. Mimi nilikula nyuma ya lori. Kila waliposema wamteremshe mzee ajisaidie, mimi niliruka chini na kukimbilia vichakani. Bwana Salumu aliniona nikikimbia mara ya kwanza, akaniona mara ya pili. Ya tatu akanifuata na kikaratasi kilichokunjwa.

"Chukua, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, ameangalia pembeni kwa adabu. "Ni maganda ya komamanga, yamesagwa. Tia kwenye maji ya moto, unywe. Tumbo litakaza leo leo."

Nilicheka mpaka wali ukanipalia. Nikamwambia, "Baba, tumbo langu zima kabisa. Namkimbia mkwe wangu."

Yeye hakucheka.

Chimala mpaka Igawa

Ningejua ningeyanywa yale maganda nikanyamaza. Tangu tuondoke pale Bwana Salumu alinisema njia nzima. Alikaa juu ya gunia, akituona pande zote mbili za ukuta, mimi na mzee.

"Astaghfirullah! Mgonjwa hajiwezi, na mke wa mwanawe anamkimbia kama mwenye ndui! Kwetu mkwe ndiye anayemwosha mzee, ndiye anayemlisha. Mila gani hii?"

Mume wangu akamweleza. Alieleza vizuri, ualimu anao. Bwana Salumu akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Nimeelewa. Lakini siku mwanamume akiwa hayupo?"

"Watakuwepo watu wengine," mume wangu akasema.

"Na wasipokuwepo?"

Nikashindwa kuvumilia. Nikasema, bila kugeuka, "Baba, heshima yetu si mzaha wako. Sisi hatujakuuliza kwa nini huli nguruwe."

"Mama Lugano!" mume wangu akanikemea. Lakini upande wa pili wa makasha nikasikia kitu kama kikohozi, kisha nikatambua kwamba mzee anacheka. Mimi nikajifunika uso kwa aibu, maana kumbe ananisikia.

Igawa tulivuka mto Mbarali bila taabu. Maji yalikuwa machache. Mume wangu akamnawisha baba yake uso, akaniambia miguu imezidi kuvimba.

Halali

Barabara ilianza kupanda. Tulipokaribia Halali kishindo kikalia chini ya gari, gari likainama upande likasimama. Sanga akaingia uvunguni, akatoka amepauka kwa vumbi.

"Springi imekatika," akasema. "Na nyingine sina."

Tukakaa. Ikapita landrova moja, imejaa mizigo na mbwa wawili. Mume wangu alikaribia kuikumbatia. Mwenye landrova akasema anaweza kumchukua mtu mmoja, mzima, wa kukaa juu ya tairi. Mgonjwa hapana; asije akamfia garini. Basi ikawa mume wangu aende nayo Makambako akatafute gari jingine la kumchukua mzee. Alinitazama, akayatazama makasha, akanitazama tena.

"Nifanyeje?"

"Nenda," nikamwambia. "Unapoteza muda."

Akamwambia Bwana Salumu, "Mzee, nakuachia baba yangu." Bwana Salumu akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Nenda, mwanangu. Baba yako ni baba yangu." Na Sanga na utingo wake nao wakashika njia ya kurudi nyuma, kwenye kambi ya watengeneza barabara, kuazima minyororo.

Nawaambia ukweli: Bwana Salumu alimhudumia mzee kama ndugu. Alimpepea. Alimnywesha maji yake mwenyewe, yale aliyoyaweka kwa ajili ya udhu, mpaka yakaisha. Mzee alipoomba tena, Bwana Salumu akachukua kibuyu ashuke bondeni kutafuta. Na kwa wema wake akaona mzee amechoka kukaa, akaliondoa gunia la mgongoni, akamlaza chali juu ya kanzu yake iliyokunjwa. "Pumzika kidogo, ndugu yangu." Hakujua. Mimi sikuona alichofanya. Nilikuwa nyuma ya ukuta wangu. Akapita kando yangu akaniambia, "Mila yako na iwe yako, bibie. Lakini masikio yako yawe kwake."

Haikupita muda nikaisikia ile pumzi. Ilikuwa inakwenda na kusimama, inakwenda na kusimama.

"Salumu!" mzee akaita. Akamwita mwanawe. Kisha akauliza, "Kuna mtu?"

Kumjibu siwezi. Nikagonga kasha kwa vidole.

Akasema, "Ni wewe."

Nikagonga tena.

"Usije," akasema. "Kaa huko huko, mwanangu. Usije."

Ninyi mnaoniuliza nilifikiri nini, sikufikiri kitu. Nilisubiri nikitazama bonde, nikitafuta ile kofia nyeupe, na kofia haionekani. Pumzi ikaanza kukoroma kama maji yanayochemka. Nikajua ameshalala chali na hawezi kujiinua. Nikasimama, nikajitupia blanketi kichwani mpaka kifuani, giza totoro, nikalisukuma kasha la juu. Likaanguka nje ya gari na nikasikia vitabu vikimwagika barabarani. Nikasukuma la pili. Nikapita nikipapasa kwa mikono kama kipofu.

"Nimefumba macho," akasema. Hiyo sauti ilikuwa karibu na magoti yangu.

Nikampata mabega. Nikamwinua, mwepesi kuliko nilivyodhani, tumbo tu ndilo zito. Nikamshikilia kwa mkono mmoja nikajizungusha nyuma yake, nikakaa, nikamtegea mgongo wangu. Tukakaa hivyo, mgongo kwa mgongo, yeye anatazama Iringa na mimi natazama Mbeya, yeye macho kayafumba na mimi nimo ndani ya blanketi. Pumzi ikarudi. Nikaihesabu kwa mgongo wangu, inaingia, inatoka, nikalia kwa furaha humo humo ndani.

Baada ya muda akasema, "Haya makasha yana nini?"

Sikuwahi kumjibu mtu yule katika maisha yangu. "Vitabu vya mwanao," nikasema.

"Najua ni vitabu. Vinasema nini?"

Hebu fikirini. Mwanawe alimpelekea kitabu cha kwanza na cha pili, akavipokea, akavitia sandukuni, na hakuna mtu aliyekaa naye akamsomea. Mume wangu alijiambia kwamba mzee anavidharau. Mzee, nadhani, alingoja asomewe. Wanaume hawa!

Nikamsimulia kile cha pili. Ninakijua chote, mchele wa nyumba ile nimeuchagua juu ya maneno yale. Kinahusu mtu aliyepotelewa na fahali, akafuata nyayo mpaka nchi za ugenini, na kila kijiji anachofika wanamwambia, fahali wako alikuwa hapa jana. Nilipofika kijiji cha tatu mzee akanikatiza.

"Huyo ni fahali wetu," akasema. "Mwekundu. Nilimtafuta mimi."

"Mwanao hakuniambia."

"Mimi sikumwambia yeye. Ni mama yake huyo aliyemwambia." Mgongo wake ukatikisika, alikuwa anacheka tena, au analia, sikuweza kujua. "Humo kitabuni, alimpata?"

"Subiri, baba, tutafika."

"Haya. Endelea."

Nikaendelea. Nilimwambia kijiji cha nne na yule mwanamke mwenye chumvi. Nikamwambia mto uliofurika. Mahali fulani kwenye ule mto mgongo wake ukawa mzito, ukanilalia wote. Nilielewa. Lakini kugeuka siwezi, na kumwacha aanguke siwezi, basi nikaendelea kusimulia. Nilimaliza kitabu kizima. Nilimwambia fahali amepatikana.

"Bibie, unazungumza na nani?" Ilikuwa sauti ya Bwana Salumu, na maji yakimwagika kutoka kwenye kibuyu.

Akapanda. Nikamsikia akisema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un." Akamwondoa mzee mgongoni pangu polepole, akamlaza, nikasikia nguo ikikunjuliwa. Alimfunika uso kwanza kwa ile kanzu yake. Ndipo akasema, "Sasa toa blanketi, mwanangu. Nimeshamfunika. Nisamehe, mimi ndiye niliyemlaza."

Jua lilikuwa limeinama mume wangu alipofika na gari alilopata. Aliruka kabla halijasimama. "Nimepata gari! Baba, nimepata—" Akaona vitabu vyake vimetapakaa barabarani. Akanitazama mimi nimekaa upande ule usio wangu. Alipiga magoti akaanza kuokota vitabu, kimoja kimoja, anakipangusa vumbi, anakiweka, anaokota kingine. Nilimwacha aokote.

Kurudi

Iringa hatukuiona. Mwenye lile gari alipojua hakuna mgonjwa ila maiti, aligeuza akaenda zake. Sanga alirudi na minyororo, akaifunga springi kwa gogo, kisha akasema habebi maiti juu ya mchele wa watu.

"Mchele ni wangu," Bwana Salumu akasema. "Geuza gari."

"Bwana Salumu, Iringa ni kule."

"Iringa ipo, haihami. Geuza."

Akarudi nasi njia yote, yeye ambaye nyumbani kwake ni mbele. Pale Chimala alinunua kitambaa cheupe cha sanda, akakataa kabisa kurudishiwa hata senti. Njiani mume wangu alianza kuyapanga makasha tena katikati, kati yangu na mzee, kwa mazoea tu. Nikamwambia, "Acha." Akaacha, akakaa juu ya kasha.

"Alisema nini?" akaniuliza.

"Aliuliza kama fahali alipatikana."

Akaficha uso wake magotini. Mume wangu ana maneno mengi, mnamjua. Siku ile hayakuja, na mpaka leo meza ya dirishani ina vumbi.

Rungwe

Habari ilitutangulia; utingo alikuwa na mdomo. Tulipofika migombani vilio vilikuwa vimeanza, na wanawake walinipisha kama mtu aliyebeba moto. Nikasikia nyuma yangu, "Ndiye huyo. Alimwendea. Kwa nini asife?" Nikataka kugeuka niwaoneshe kazi, lakini nguvu sikuwa nazo.

Dada wa marehemu, shangazi yake mume wangu, bibi kizee mwenye fimbo, akaniita katikati ya watu.

"Nani alikuwa naye?"

Mume wangu akajibu upesi, "Bwana Salumu, huyu mgeni wetu." Alitaka kuniokoa, namshukuru.

"Mimi," nikasema. "Ni mimi niliyekuwa naye."

Vilio vikakatika. Shangazi akanisogelea. "Ulimwona?"

"Sikumwona. Yeye alifumba macho, mimi nilijifunika blanketi. Nilimpa mgongo akauegemea."

"Alisema uje?"

"Alisema nisije."

Bibi yule akanitazama sana. Kisha akanishika mkono, akanivuta kuelekea ndani. Wanawake wakaanza kunung'unika, mmoja akasema kwa sauti kwamba jambo hilo halijapata kutokea. Shangazi akageuka. "Ni kaka yangu mimi, si kaka yenu! Mwacheni amjue mtu aliyembeba."

Ndani kulikuwa na moshi na harufu ya majani ya migomba. Akakunjua nguo kuanzia paji la uso, polepole. Nikatazama.

Lilikuwa paji la uso la Baba Lugano. Pua yake, na ule mkunjo mmoja kati ya nyusi anaoupata akiandika, na mdomo ule ule ninaoutazama kila siku mezani, vyote vimezeeka na vimepoa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba wanafanana hivyo. Nikaanguka chini nikalia kama mjane, na mume wangu alikuwa amesimama pale mlangoni, mzima, kofia mkononi, akiniita kwa jina langu.